Sijiskii

Kiswahili kina jambo moja ambalo ni vigumu kuliona kwa sababu tunaliongea kila siku. Mtu akiwa na njaa anasema anasikia njaa. Anasikia baridi, anasikia usingizi, anasikia uchungu. Hata hapa Nairobi, ambako tumevunja sarufi yote inayovunjika, hilo limebaki. "Unajiskia aje?" ndivyo tunavyoulizana. Na ukiamka vibaya, unamwandikia supavaiza neno moja tu: sijiskii. Litafakari kidogo. Ni mtu anayesema yupo, anapumua, ila akitega sikio kwa ndani hapati kitu.

Nilianza kulifikiria neno hilo nikiishi Pipeline, Embakasi. Kama hujawahi kufika, jina lilitoka kwa Kenya Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta, lakini kinachopita hapa siku hizi ni watu. Ploti zimepanda ghorofa saba, nane, na zaidi, zimesogeleana mpaka jirani wa jengo la pili anaweza kukupitishia kiberiti dirishani. Ukikaa chini, taa unawasha saa nne asubuhi. Choo mnashirikiana koridoo nzima. Maji yanakuja siku anayotaka keateka, na siku hataki unanunua mtungi na kuupandisha mwenyewe.

Halafu kuna kelele. Makanga wa Outering, spika ya kanisa la ghorofa ya kwanza, watoto kwenye ngazi, redio tatu kwa wakati mmoja, na usiku wa manane mtu anagombana na mtu kuhusu jambo ambalo ploti nzima tayari inalijua. Sisemi haya kulalamika. Kuna raha yake, na kuna usalama wake pia. Mtu hawezi kuanguka Pipeline bila watu ishirini kusikia kishindo. Lakini anayeishi humo husikia kila mtu, na yeye mwenyewe ndiye anayesikika wa mwisho.

Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa, amini usiamini, kazi ya hisia. Nairobi imekuwa moja ya miji ambako mashine za akili bandia zinafundishwa kwa mikono ya watu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sentensi inatokea kwenye skrini, mara nyingi kitu ambacho mtu ameandika mtandaoni, nami nachagua: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, karaha, au hakuna hisia. Vitufe saba. Sita vya kwanza vinafuata orodha ya Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezunguka kuanzia miaka ya 1960, hadi Papua New Guinea, akiwaonyesha watu picha za nyuso na kuuliza huyu anasikia nini. Mimi nilikuwa nayafanya hayo na sentensi, moja baada ya nyingine, mpaka jicho linauma. Ningekuambia hisia ya mtu wa Mombasa aliyenyimwa mkopo kwa sekunde nne. Sikuwa mbaya kazini.

Juni 2023 kukhu alifariki, Busia. Ndiye aliyenilea. Nilipewa siku tatu, na moja kati ya hizo iliishia kwenye basi. Kwetu msiba una sauti; watu wanaanza kulia wakiwa bado kwenye barabara, kabla hata hawajaona boma, na mwenye kufiwa anabebwa na hiyo sauti kama mtu anayebebwa na maji. Nilikuwa nimefungua mdomo niingie humo, mjomba akanishika bega. "Jikaze. Wewe ndiye mwanaume wa hii nyumba sasa." Basi nikajikaza. Nikahesabu viti, nikalipa watu wa hema, nikapanda basi la usiku, na Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa nabonyeza huzuni, huzuni, hasira, hakuna hisia.

Kulia Pipeline nako si rahisi. Ukuta ni mwembamba kuliko siri. Mjini watu wanafungulia maji bafuni ndiyo kilio kisisikike. Hapa maji ya kufungulia hakuna, na yaliyo kwenye mtungi yamenunuliwa. Sikulia. Badala yake yakaja mawazo.

Hapa tena lugha yetu inasema kitu. Mtu akiwa na msongo hatusemi ana hisia, tunasema ana mawazo. "Huyo mwachie, ako na mawazo mingi." Na yalikuwa mengi kweli. Saa nane usiku nilikuwa nimelala chali nikipiga hesabu: kodi, tokeni za stima, Fuliza, karo ya dada yangu aliyebaki Busia, mkopo wa chuo. Nilihesabu mbele, nikahesabu nyuma. Nikifika mwisho naanza tena, kana kwamba mara ya kumi jibu lingebadilika.

Shida ni kwamba mawazo hayo yalikuwa ya kweli. Kama ningekuwa nawaza kwamba majini wanatembea kwenye koridoo, ningejishuku mapema. Lakini deni ni deni. Limeandikwa kwenye simu. Nani atakuambia unawaza vibaya wakati unawaza kodi, na keateka kesho anapita na kufuli? Ndiyo maana siwapendi wale wa kupanda jukwaani na kutuambia tubadilishe fikra zetu maisha yabadilike. Jaribu kumlipa mwenye nyumba kwa fikra.

Kilichonishtua ni Septemba. Mwezi huo nililipwa malimbikizo, nikafuta Fuliza yote, nikalipa kodi tarehe mbili, nikatuma karo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikudaiwa na mtu aliye hai. Usiku huo, saa nane kasoro, macho yakafunguka yenyewe. Akili ikatafuta deni, ikakosa. Ikazunguka kidogo kama mbwa anayetafuta pa kulala, halafu ikaanza kuwaza je, paa la ploti likianguka. Nikajua hapo: haikuwa pesa. Pesa ilikuwa ndiyo shughuli ambayo akili yangu ilijipa ili isikae kimya, kwa sababu kimya kingekuwa na kitu ndani yake.

Oktoba nilienda kituo cha afya nikasema nina vidonda vya tumbo. Sikudanganya, tumbo lilikuwa linachoma. Nusu ya ploti yetu ina "ulcers" na nusu iliyobaki ina "presha", na hakuna anayeshangaa. Daktari, kijana hivi wa rika langu, alisikiliza, akauliza nalala saa ngapi, nakula nini, halafu akatoa karatasi yenye maswali tisa. Nilikuja kujua baadaye inatumika duniani kote. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila swali lina majibu manne, kutoka hata kidogo hadi karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Mimi nilipata 14.

Kilichonishangaza ni kwamba karibu nusu ya maswali hayo ni ya mwili. Usingizi, nguvu, chakula, kama unasogea polepole au unahangaika usitulie. Yaani hata wanasayansi wanajua kwamba mwili ndio unaoongea kwanza, na mwenyewe anatafsiri baadaye, kama anatafsiri.

Swali la tisa linauliza kama umewahi kufikiri kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa, au kujidhuru. Niliishika kalamu muda mrefu. Lazima ukumbuke kwamba mwaka 2023, kujaribu kujiua kulikuwa bado kosa la jinai Kenya: kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, hadi miaka miwili jela. Ni mpaka tarehe 9 Januari 2025 ndipo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Swali lilikuwa kuhusu fikra tu, na hakuna sheria ya kufunga fikra, lakini mtu wa Pipeline akiona karatasi ya serikali haanzi kuchambua vifungu. Nikaweka alama kwenye "siku kadhaa". Daktari aliiona, akaweka kalamu chini, akaniuliza moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nina mpango wowote. Sikuwa nao. Nilikuwa tu nimechoka kuamka. Aliniambia nikihisi linakaribia nipige 1199, ya Msalaba Mwekundu, ni bure, au nirudi kwake hata bila miadi. Kisha akaniandikia nikamwone mshauri. Nikashukuru zaidi kwa ile sauti yake ya kawaida kuliko kwa karatasi.

Nilipomwambia rafiki yangu, alicheka. Si kwa ubaya. "Depression ni ya watoto wa Lavington, buda. Sisi tuna stresi." Usemi huo niliupenda wakati huo, ulikuwa na ujasiri fulani. Baadaye nikasoma ulikopita kabla ya kutufikia, na sikuupenda tena.

Mathari, pale Thika Road, ilianza 1910 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, halafu ikafanywa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza aliyeitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Carothers aliamini kwamba huzuni ya kuugua ni nadra kwa Mwafrika, na kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo. Alimfananisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba mtu aliyenyang'anywa shamba anahitaji kuelezwa na daktari kwa nini ana hasira.

Mwaka 2020 jopokazi la serikali yetu, likiongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Chini ya miaka 70, tumetoka kwenye "hawa hawahuzuniki" hadi kwenye dharura. Hisia zilikuwepo muda wote. Ila Mwafrika aliyeletwa Mathari alikuwa akisema kichwa chake kinawaka moto, au moyo unampiga, na aliyeandika alikuwa anatafuta neno moja tu la Kiingereza. Asipolisikia, anaandika hakuna. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka, maana kitufe cha saba kazini kwangu kilikuwa hicho hicho.

Washona wa Zimbabwe wana neno *kufungisisa*: kuwaza kupita kiasi. Ni mawazo yetu haya haya, wao tu wamelipa ukubwa wa ugonjwa. Mwaka 2005 serikali yao ilibomoa vibanda na nyumba za maskini mijini, na mwaka 2006, mtaani Mbare, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda akaanza mradi akiwa hana ofisi wala wauguzi wa kutosha. Alipewa wakina nyanya kumi na wanne. Wakafunzwa, wakakaa kwenye benchi nje ya kliniki, na mtu mwenye kufungisisa anakuja kukaa kando yao anaongea. Hawakumuuliza kama ana depression. Walimuuliza kama amekuwa akiwaza sana, na maneno ya kwanza ya safari hiyo, kwa Kishona, yana maana ya kuifungua akili. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wa watu 573 yalichapishwa katika jarida la madaktari la JAMA: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nikisoma hayo niliwaza Mukuru kwa Njenga, hapa ng'ambo tu ya ploti zetu, ilivyobomolewa mwishoni mwa 2021 kupisha barabara, na watu wakalala kwenye vifusi. Wengi walihamia Pipeline. Hakuna aliyewawekea benchi.

Mshauri nilimwona mara nne, kisha nauli na shifti zikashindana. Alinisaidia, sitasema vingine. Lakini benchi yangu ilikuwa juu ya ploti, kwenye kamba za nguo. Huko ndiko kuna hewa na kimya kiasi, ndege za JKIA zikiondolewa. Kuna mama mmoja wa Machakos, anauza madondo na chapo pale langoni, ambaye Jumapili jioni hupanda kuanua nguo. Ni mkubwa kwa mamangu. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu, unajiskia aje?"

"Niko sawa, mama."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Nimekuuliza unasikia nini."

Nikamwambia nasikia nimechoka.

"Hiyo ni mwili. Ingine?"

Nikaanza kumweleza kuhusu kodi imepanda, na kazini wanasema mkataba huenda usirudi. Akaniacha nikaongea mpaka nikamaliza.

"Hiyo ni mawazo, na ni ya ukweli, pole. Lakini bado hujaniambia unasikia nini."

Sikuwa na jibu. Mimi, mtu wa vitufe saba. Nilikaa pale natafuta, na ilikuwa kama kupapasa ukuta usiku stima ikipotea, unajua swichi iko hapo mahali. Nikasema, "Nasikia nimeachwa."

"Na nani?"

"Na kukhu."

Hakusema kitu. Aliendelea kutoa pegi kwenye kamba, moja moja, akaniwekea mkononi nimshikie. Hiyo ndiyo tiba yote iliyofanyika siku hiyo.

Nilikuja kusoma kuhusu majaribio ya Matthew Lieberman na wenzake wa UCLA, yaliyochapishwa 2007. Waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha nyuso zenye hasira au hofu. Mtu alipochagua neno la hisia aliyoiona, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, ilitulia zaidi kuliko alipochagua tu jina la kumfaa mwenye uso huo. Nilicheka peke yangu. Kwa hesabu hiyo, mimi niliyetaja hisia za watu mchana kutwa ningepaswa kuwa mtu mtulivu kuliko wote Embakasi. Labda kinachokosekana kwenye picha ya mashine ni kwamba uso ule si wako. Kutaja hasira ya mtu wa Mombasa hakunidai chochote. Kusema "nimeachwa" kulinidai nikubali kwamba aliyeniacha harudi.

Tangu hapo nikawa na tabia. Mawazo yakija saa nane, siyafukuzi, maana hayafukuziki. Nauliza kwa utaratibu wa yule mama: mwili unasema nini, mawazo yanasema nini, halafu ninasikia nini. Jibu naliandika kwenye simu, neno moja. Mwanzoni nilikuwa na maneno matatu tu, yale ya vitufe. Nikaanza kukumbuka yale tuliyokariri shuleni kwa ajili ya insha, tukidhani ni mapambo. Simanzi. Ukiwa, ile hali ya nyumba baada ya wageni kuondoka. Soni. Kinyongo, ambacho niliandika usiku mmoja nikimfikiria mjomba, nikashangaa kukiona pale. Na kihoro, ambacho kamusi inakieleza kama huzuni ya kupotelewa na mtu au kitu. Nilipoandika kihoro nililala mpaka asubuhi. Haikutokea tena hivyo, sitakudanganya. Usiku wa pili niliamka kama kawaida. Lakini nilijua naamshwa na nini, na kodi ikarudi kuwa kodi tu, kitu cha tarehe tano.

Kazini nilimwandikia msimamizi wa mradi nikapendekeza waongeze maneno mawili matatu ya Kiswahili, kwa sababu sentensi za watu wa Pwani zilikuwa zinaonewa. Alinijibu vizuri tu, kwamba mfumo unakubali saba. Mkataba uliisha Machi na haukurudi, kama nilivyowaza. Sasa nafanya kazi nyingine, na nimepanda hadi ghorofa ya sita, ambako mwanga wa asubuhi unaingia kwa dakika arubaini hivi kabla haujazibwa na jengo la jirani.

Desemba 2024 nilienda nyumbani. Kaburi la kukhu lilikuwa limeota nyasi, mtu alikuwa amefunga ng'ombe karibu. Nilisimama pale nikafungua mdomo na nikalia kwa sauti, ile ya barabarani, mwaka mmoja na nusu baada ya watu kumaliza. Nilidhani watashangaa. Jirani mmoja, bibi aliyekuwa akiteka maji pamoja na kukhu, alisikia kutoka shambani kwake, akaacha jembe, akaja akilia pia, akasimama kando yangu mpaka sote tukaishiwa pumzi. Akajifuta uso kwa leso. Akaniuliza kama nimeleta sukari.